Habari za Boko: Kufunga Shule, na Maneno ya Likizo

 Huku Boko mafua ya kipupwe yamewashika watoto, na katika majuma mawili ya mwisho wa muhula darasani zilisikika chafya nyingi kuliko majibu. Kwa wale wasiopajua, Boko ni mahali pa kando ya barabara kuu iendayo Bagamoyo, kaskazini ya Dar es Salaam, ukiisha kupita Tegeta na kabla hujafika Bunju, katika wilaya ya Kinondoni. Mashariki yetu ni bahari, huko Ununio na Mbweni. Magharibi nchi yainuka pole pole kuelekea Mabwepande. Wazee wakumbuka mikorosho na minazi na njia za miguu. Siku hizi nyumba zimesimama karibu karibu mpaka mji umetufikia, nasi hatujui tena kama tu watu wa shamba au watu wa mjini. Kodi yatuhesabu watu wa mjini, na matope ya masika yatuhesabu watu wa shamba.

Shule ilifungwa siku ya Ijumaa. Watoto walifika mapema kuliko siku zote, wamevaa sare zilizofuliwa, na wengine viatu ambavyo hatukupata kuviona tangu Januari. Wakafagia uwanja, wakaosha sakafu za madarasa, wakarudisha vitabu vya shule. Vitabu vitatu havikurudi, na walio navyo wajijua. Hata saa nne wazazi wakaanza kuingia kuchukua ripoti, nasi tukakaa mezani chini ya mwembe, kila mwalimu na darasa lake.

Alikuja bibi mmoja anayelea wajukuu. Akaishika karatasi, akaigeuza, akaturudishia. Akasema, "Mwalimu wangu, macho yangu hayasomi. Niambie neno moja tu: huyu amepanda au ameshuka?" Tukatazama. Mtoto alikuwa wa 61 muhula uliopita, sasa ni wa 58, na darasa lina watoto 97. Tukasema, "Bibi, amepanda." Akapiga kigelegele pale pale, akamshika mjukuu wake mkono, akaondoka naye kama aliyeshinda mbio.

Nyuma yake alisimama baba mmoja ambaye mtoto wake alikuwa wa pili, na sasa ni wa nne. Hakusema neno, ila alimkazia mtoto jicho, na mtoto akaanza kukunja ncha ya shati. Tukamwita baba yule kando, tukamwonyesha alama. Katika hesabu mtoto alikuwa amepata 78 mara ya kwanza, na sasa 84. Katika Kiswahili amezidi pia. Ameongezeka, ila wenziwe wawili wameongezeka kuliko yeye. Nafasi yamweleza mzazi habari za watoto wa watu wengine. Alama ndizo zimwelezazo habari za mtoto wake. Twaliandika jambo hili kwa sababu kila mwisho wa muhula twajua wako watoto wanaopigwa nyumbani kwa ajili ya tarakimu moja iliyoandikwa kwa mkono wetu, na twaiandika tarakimu hiyo huku tukisitasita. Baba yule alisikiliza, akasema, "Basi nimesikia, Mwalimu." Tulimwona akimnunulia mtoto ubuyu langoni.

Jambo la uji tulieleze kwa kifupi. Tangu Januari 2016 michango ya lazima iliondolewa katika shule za msingi za serikali, na serikali hutoa ruzuku kwa kila mwanafunzi. Uji haumo katika hesabu hiyo. Ni mapatano ya wazazi wenyewe. Mwezi wa Aprili, mvua ilipokuwa nyingi na kazi za vibarua zikawa chache, sufuria haikupanda jikoni siku tisa. Watoto wa darasa la kwanza walilaza vichwa juu ya madawati kabla ya saa tano. Tulilisema hilo katika mkutano, na watu wengi wakatazama miguu yao. Kamati ya shule itakutana tena. Habari hiyo twaiacha hapo.

Sasa tuje kwenye likizo yenyewe, maana ndiyo iliyotushikisha kalamu.

Huko Ulaya shule hufungwa muda mrefu wakati wa joto. Uingereza watoto wa shule za msingi hukaa nyumbani yapata majuma sita, toka mwisho wa Julai mpaka mwanzo wa Septemba. Sisi hapa twafunga Juni, wakati wa baridi yetu ndogo, na tena Desemba, wakati wa jua. Mtu aweza kudhani ni tofauti ya tarehe tu. Lakini tazameni kalenda pamoja na mawingu. Masika hunyesha toka Machi mpaka Mei. Shule zafungwa Juni. Vuli hunyesha toka Oktoba mpaka Desemba. Shule zafungwa Desemba. Maana yake ni kwamba kila tunapowaachia watoto wetu mikono mitupu mchana kutwa, ndipo kila shimo la nchi hii limejaa maji. Tumefundisha miaka kumi na zaidi, tumeandika kalenda ya mihula ubaoni kila Januari, wala hatukuliona jambo hili mpaka mwaka jana.

Nayo mashimo twayo. Kila nyumba iliyojengwa Boko na majirani zake ilihitaji mchanga na kifusi na mawe, na vitu hivyo havikushuka kutoka mbinguni. Watu walichimba hapa hapa, magari yakapakia, na uwanja ulipokwisha kutoa mchanga wake wenyewe waliuacha. Karibu na njia iendayo shuleni kwetu yako mashimo matatu ya namna hiyo. Wakati wa kiangazi ni mabonde ya kuchezea mpira. Baada ya masika ni maziwa madogo, na maji yake yametulia, yana rangi ya chai ya maziwa, na ndege weupe hutembea ukingoni. Ukiyatazama wapenda kukaa. Lakini ukingo wake si kama ukingo wa mto au pwani ambapo mguu hushuka kidogo kidogo. Mchimbaji alikata udongo wima kwa jembe na sururu. Chini ya maji hatua moja yafika kifundoni, na hatua ya pili haina sakafu. Tena udongo wenyewe ni mfinyanzi unaoteleza, hata mtu mzima aliyetumbukia hupata taabu kupanda.

Mwaka jana, siku ya kufunga shule mwezi wa Juni, zamu ya kusoma maonyo ya likizo mbele ya watoto ilikuwa yetu. Karatasi ilikuwa na mambo tisa. Manyunyu yalikuwa yameanza, watoto wamekwisha kushika mifuko yao, na walimu wenzetu walikuwa wakitazama saa. Tukayasoma mbio. Someni vitabu. Wasaidieni wazazi. Msipande juu ya malori. Msitembee usiku. Msicheze kwenye mashimo ya maji. Msile matunda mabichi. Na baada ya kila neno watoto wakaitika kwa sauti moja, "Ndiyo, Mwalimu!" Tulipofika kwenye mashimo tukaongeza neno letu wenyewe, lisiloandikwa katika karatasi, tukasema, "Na yeyote nitakayesikia alikuwa shimoni, siku ya kufungua shule atachapwa mbele ya wenzake." Wakaitika, "Ndiyo, Mwalimu!" Tukaona tumefanya kazi yetu vema, tukafunga.

Siku ya kumi na mbili ya likizo tukapigiwa simu baada ya magharibi. Mtoto wa darasa la tatu, mvulana wa miaka tisa, ametolewa shimoni, amekufa.

Tulikwenda usiku ule kwa miguu, maana pikipiki hazikupita katika matope. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Hatutaeleza hali ya mama yake. Mazishi yalikuwa kesho yake alasiri, na watoto wa darasa la tatu waliokuwapo mjini walikuja na sare zao, wakasimama mstari bila kuambiwa, kama wasimamavyo shuleni.

Habari kamili tuliipata baadaye, kwa vipande. Walikuwa watatu, darasa moja. Walikwenda kuosha miguu baada ya kutoka kutafuta kuni. Mmoja aliteleza. Wenziwe walimwona akitoka juu mara mbili. Wakakimbia, lakini walikokimbilia ndiko kunakotukalia moyoni mpaka leo. Hawakukimbilia nyumba iliyo karibu, ambako fundi na vijana wake walikuwa wakipiga lipu, hatua mia moja na nusu kutoka pale. Walikimbia nyumbani kwao, wakaingia uvunguni mwa kitanda, wakanyamaza mpaka magharibi, hata mama wa marehemu alipokuja kuuliza. Siku nyingi baadaye mmoja wao aliulizwa na mama yake kwa upole kwa nini hawakupiga kelele. Akasema, "Mwalimu alisema atakayekuwa shimoni atachapwa."

Mama yule alikuja kutuambia. Hakuja kwa ugomvi. Alisema, "Mwalimu, nimeona nikwambie, usije ukalisikia kwa watu." Tukamshukuru. Alipokwisha kuondoka tulikaa katika chumba cha walimu mpaka mlinzi alipokuja kufunga mlango.

Wako waliotwambia kwamba mtoto yule angekufa vilevile, kwa kuwa maji hayangoji. Huenda. Fundi yule amesema yeye ajua kuogelea, alizaliwa pwani, na kutoka pale alipokuwa angefika upesi. Hatuna namna ya kupima. Tunachokijua ni kwamba tulitaka kuwatisha watoto wasiende kwenye maji, na kitisho hakikuwazuia kwenda, kiliwazuia kuita.

Basi mwaka huu tumesema namna nyingine. Tuliomba ruhusa kwa Mwalimu Mkuu, tukaiacha karatasi ya mambo tisa, tukazungumza na watoto juu ya jambo moja tu, darasa kwa darasa, wameketi. Tukawaambia kwa maneno haya haya: atakayekimbia kumwita mtu mzima hatachapwa, hata kama yeye ndiye aliyewaongoza wenziwe shimoni, hata kama alikatazwa, hata kama ameiba embe njiani. Tukawauliza kila mmoja ataje nyumba ambayo atakimbilia. Wengi walitaja nyumba zao wenyewe. Tukawarudisha nyuma: taja nyumba iliyo karibu na maji, si iliyo karibu na mama yako. Hapo wakaanza kufikiri. Wazazi, twawaomba mseme neno hilo hilo nyumbani, na mkilisema mlitimize; maana mtoto mmoja akichapwa baada ya kuja kuita, watoto wote wa mtaa watajua kabla ya jua kuchwa.

Tukawafundisha pia wasijitupe majini kumwokoa mwenzao. Anayezama hushika chochote kilicho karibu, akakipanda, hata kama ni ndugu yake. Ndivyo wafavyo wawili mahali pa mmoja. Mtoto asimame juu ya nchi kavu, alale kifudifudi ukingoni, amnyoshee mti au kanga au kamba. Na kitu kizuri kuliko vyote twakiona katika kila ua wa Boko: dumu la manjano la lita 20, lile la kuchotea maji. Likiwa tupu, na kifuniko kimekazwa, laelea na kumchukua mtoto, hata mtu mzima hulishika akapumua. Tulilijaribu mbele ya darasa la sita katika tangi la maji la jirani, na watoto walicheka sana walipomwona mwalimu wa michezo ameng'ang'ania dumu.

Mganga wa zahanati alitusaidia kwa sehemu nyingine. Alisema mtu akitolewa majini hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala asizungushwe juu ya pipa, kama wafanyavyo wengi wakidhani maji yatamwagika. Hayo hupoteza wakati tu. Alazwe chali juu ya nchi ngumu, kichwa kiinuliwe kidevu juu, pua ibanwe, apuliziwe pumzi kinywani mara tano, kisha kifua kikandamizwe kwa nguvu na kwa haraka katikati, na kupuliziwa tena, bila kukoma mpaka apumue au msaada ufike. Wakati huo mwingine apige simu kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, nambari 114. Liandikeni ukutani.

Mtu aweza kusema twazungumza sana juu ya mtoto mmoja. Lakini Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Wengi sana ni wa nchi kama zetu. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kukumbusha watu habari hii kila mwaka. Sisi Watanzania twaujua msiba wa maji. Twaikumbuka MV Bukoba iliyozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Siku hizo bendera zilishushwa nusu mlingoti na nchi nzima ikalia. Mashimo huchukua mtoto mmoja, hapa mwezi huu, kule mwezi ujao, na habari hufika mpaka kwenye duka la jirani tu.

Jumapili iliyofuata mazishi katekista wetu alisoma Kutoka, mlango wa 21, mahali pale penye sheria ya mtu aliyefunua shimo au kuchimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mtu mwingine akatumbukia. Sheria ile yamtaka mwenye shimo alipe. Katekista hakusema maneno mengi. Aliuliza tu, ikiwa Musa aliamriwa hivyo kwa ajili ya punda, sisi tufanyeje? Akaketi. Tangu tubatizwe hatukupata kusikia kanisa kimya namna ile.

Basi palikuwa na mkutano katika ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mashimo ni matatu, na wenyewe ni watatu. Wa kwanza ni mjane. Alisema mume wake ndiye aliyeuza mchanga, na yeye hana fedha ya kufukia, lakini watu wakitaka kuzungushia ua yeye atatoa chakula cha mchana. Wazazi wakaja Jumamosi mbili, wanaume kwa wanawake, wakapanda minyaa na michongoma kuzunguka shimo lote, na mjane akapika makande. Miche imeshika, bado ni mifupi, mbuzi hupita, lakini mtoto huona kwamba hapa ni mahali palipokatazwa. La pili limeanza kufukiwa kwa vifusi vya nyumba zinazobomolewa, na limefika nusu. La tatu, ambalo ndilo lililomchukua mtoto, mwenyewe yuko safarini. Alikuwa safarini mwezi wa Julai mwaka jana, na wa Oktoba, na wa Machi. Jina lake hatulitaji. Twamwombea safari njema na kurudi upesi.

Sasa bahari. Watoto wa Boko wengi wamezaliwa na wazazi wa bara, na wengine wazazi wao waliletwa Mabwepande mwaka 2012 baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyozikumba nyumba za bonde la Msimbazi. Hao wajua mto unavyofurika, lakini kupwa na kujaa kwa bahari hawakukulia nako. Katika likizo hushuka Ununio na Mbweni kutafuta kaa na kombe juu ya mwamba. Basi waambieni hivi. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa yapata dakika 50 kuliko jana. Kwa hiyo saa iliyokuwa salama Jumatatu haiwi salama Ijumaa. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bamvua: maji hutoka mbali sana, mwamba wote ukaonekana, na tena hurudi kwa wingi, tofauti ya kina kupita mita 3. Hurudi kwanza kwa mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, nawe umeinamia kaa wako. Na Juni ni wakati wa kusi, upepo husukuma. Wanawake wa pwani waendao kuvua pweza wajua saa ya kugeuka. Mtoto akiwaona wanageuka, naye ageuke, asiseme bado kidogo.

Kuna wanaosafiri kwenda kwa babu na bibi, na twafurahi, kwa kuwa mtoto asiyemjua babu yake amekosa kitabu kimoja. Lakini mwaka jana tuliona mtoto wa miaka minane amekabidhiwa kondakta katika stendi ya Mbezi Luis, na nambari ya simu imeandikwa kwa kalamu mkononi mwake. Alifika salama, mkono ulikuwa umefutika kwa jasho kabla ya Chalinze. Aandikiwe katika karatasi mbili, moja mfukoni na moja ndani ya begi, na kama yawezekana aende na mtu.

Na kuna safari nyingine ambayo hatuifurahii. Msichana wa darasa la tano au la sita huambiwa aende likizo kwa shangazi, na Julai ifikapo kiti chake ki tupu. Tukiuliza twaambiwa amehama. Baadaye mtu huja kusema amemwona mahali fulani mjini, amebeba mtoto wa watu mgongoni, anaosha vyombo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimruhusu aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa, na hata aliyetimiza umri huo hairuhusu kazi imnyime shule. Twajua umaskini unavyosema. Sisi wenyewe tulisomeshwa kwa mbuzi za mama yetu, wakauzwa mmoja mmoja mpaka zizi likabaki na kamba. Kwa hiyo hatumlaumu mzazi kabla ya kumsikia. Aje, aseme shida yake, kabla hajamtoa mtoto. Muhula uliopita walikuja wawili, na wote wawili watoto wao wako darasani.

Kwa watoto wa darasa la saba: mtihani wao ni Septemba, nao wajua, na wazazi wajua, na jirani wajua. Saa mbili za kusoma kwa siku zatosha, asubuhi, kichwa kikiwa baridi. Wengine wamekwisha kuandikishwa masomo ya fedha toka saa moja hata saa kumi na moja. Mwili wa mtoto wa miaka 13 haukuumbwa kwa hayo, na sisi walimu tuyapokeayo hayo mafundisho ya jioni na fedha yake hatuna uso wa kusema tunafanya kwa ajili ya mtoto tu. Wapeni kazi za nyumbani, wapeni kuteka maji, wapeni kucheza. Wadogo wasomewe kitabu chochote kilichomo nyumbani kwa sauti. Na pasipo kitabu, gazeti hili latosha. Siku ya kufungua shule imeandikwa chini ya karatasi ya ripoti, mstari wa mwisho, juu ya sahihi ya Mwalimu Mkuu.

Mmoja wa wale wavulana wawili waliojificha uvunguni sasa yu darasa la nne. Muhula mzima hakunyosha mkono hata mara moja. Siku ya kufunga shule, tulipokwisha kueleza habari za dumu, akanyosha. Tukamwambia aseme. Akauliza, "Mwalimu, na kama watu wataliiba dumu?"

Darasa likacheka, lakini sisi hatukuwa na jibu upesi. Tukasema tutalifikiri. Jumamosi, tulipokuwa twapita njia ya mashimo kwenda sokoni, tukamwona yeye na mama yake kando ya shimo la tatu. Walikuwa na dumu kuukuu, limetobolewa sehemu ya mkono mtu asilitamani, mwili mzima, na kamba ndefu ya katani imefungwa. Mama alikuwa akifunga ncha nyingine ya kamba katika shina la mkorosho. Kijana alikuwa ameshika kifuniko, akikikaza kwa mikono yote miwili. Tukawaamkia, tukaweka kikapu chini, tukasaidia kufunga fundo.